Walichomfanyia Debra kwenye Dexter sitawasamehe

Wakuu, kama hujaimaliza tamthilia ya Dexter pita kando, hapa nataja vifo vyote. Nimeirudia upya, misimu minane, sehemu 96, nimemaliza jana usiku, na hasira niliyonayo ni ileile ya mwaka 2013 ilipoisha.

Sina ugomvi na steringi, Dexter, kuwa muuaji. Jamaa ni mtaalamu wa matone ya damu polisi Miami, usiku anawinda wauaji waliokwepa sheria, kwa masharti aliyowekewa na baba yake mlezi, Harry. Nilikubali kumfuata kwa sababu niliamini siku moja atalipa. Na msimu wa nne walionyesha wanaweza! Anarudi nyumbani akidhani kazi imekwisha, anamkuta mkewe Rita amekufa kwenye hodhi la kuogea, na mtoto Harrison amekaa sakafuni katikati ya damu ya mama yake, kama yeye mwenyewe alivyokutwa utotoni. Nilizima TV nikakaa gizani.

Sasa niambieni, watu walioandika lile ndio hao hao wa msimu wa nane?

Debra, dada yake Dexter, kaanza akiwa askari mdogo wa kitengo cha ukahaba anayedharauliwa, mdomo mchafu, moyo mweupe, akapanda mpaka akawa luteni. Mchumba wake alimfunga kwenye meza amchinje. Akamfumania kaka yake kanisani akiua. Akampiga risasi LaGuerta, bosi wake, ili kumwokoa Dexter, na baada ya hapo hakupata tena usingizi wala raha. Mzigo wote wa tamthilia hii kaubeba yeye. Dexter kaua kwa miaka, anayeoza ndani ni dada.

Halafu wanampiga risasi ya tumbo, anaanza kupata nafuu, mara damu inaganda, ubongo umekufa. Sawa, watu hufa. Lakini tazameni kinachofuata. Kimbunga kinakuja, hospitali inahamisha wagonjwa, Dexter anazima mashine, anamfunika shuka, anamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu mpaka nje, anampakia kwenye boti. Hakuna nesi wala daktari wala askari anayemuuliza unampeleka wapi huyu! Kisha anamtupa baharini. Bahari ileile alikokuwa anatupa mifuko ya maiti za wahalifu! Dada yake! Lile shuka jeupe linavyozama taratibu nimelitazama mara mbili, na mara zote mbili nimelia kwa hasira, si kwa huzuni.

Na Dexter? Muda mfupi kabla ya hapo kamchoma Saxon, muuaji aliyempiga Debra risasi, shingoni kwa kalamu, kituoni kwa polisi, kamera ikirekodi, na wenzake Batista na Quinn wanaitazama video wanamwacha aende. Mwisho tunamkuta Oregon, kafuga ndevu, anakata magogo. Mtoto kaachiwa mwanamke aliyezoea kuua watu kwa sumu. Mnatuona mazuzu?

Tukaja kupewa mwendelezo, New Blood, mwaka 2021, Debra karudi kama mzimu wa kumfokea kaka yake tu. Nikavumilia, maana mwishowe Harrison alimfyatulia baba yake risasi kifuani kwenye theluji. Nikasema haya, angalau kalipa. Mwaka 2025 wakaleta mwendelezo mwingine, Resurrection: hakufa, kalala koma, kaamka.

Yaani tumerudi kibanda umiza, steringi hafi! Askari Doakes alilipuliwa na kubebeshwa maiti zote za Dexter. LaGuerta kafa. Debra kafa. Askari hawa walioujua ukweli wamekufa nao, na mwenye makosa anafufuliwa kila watu wa televisheni wakihitaji hela. Debra hata kaburi hakupewa.

Anayeitetea sehemu ile ya mwisho aje, lakini aanze na lile shuka.