Naomba ushauri: mada ya masta kuhusu uchumi usiokimbizana na ukuaji

Wakuu habarini, supavaiza kanirudishia andiko la masta mara ya pili, anasema kuachana na ukuaji wa uchumi ni hoja ya Wazungu walioshiba. Hapo kanibana kweli, ila Jason Hickel mwenyewe, mwanaanthropolojia anayeitetea hoja hii, kazaliwa Eswatini na anasema wa kupunguza ni nchi tajiri sio sisi. Sasa nawaza niache mambo ya Amsterdam na donati yao ya 2020 (mpango wa jiji wa kutosheleza mahitaji ya watu bila kuvuka mipaka ya mazingira), niende misitu ya vijiji Kilwa, wale wa mpingo waliopata cheti cha FSC (cha misitu inayovunwa kwa uangalifu) mwaka 2009, nione kama maisha yanaboreka bila kukata miti zaidi. Swali, hayo maisha napimaje bila kuangalia kipato tu? Na kibali kijijini kinachukua muda gani, maana hela ya fildi natoa mfukoni jamani