Mjadala: Kama bahari ndiyo iliyopandisha hewa ukaa zamani, mbona leo lawama ni zetu?

Mleta mada: Wakuu, hili linanisumbua. Barafu iliyochimbwa Dome C, Antaktika, ina viputo vya hewa ya miaka 800,000. Ndani yake hewa ukaa inacheza kati ya sehemu 180 na 300 kwa milioni: inashuka zama za barafu, inapanda zikiisha. Hapakuwa na kiwanda wala gari. Bahari ina kaboni karibu mara 60 ya ile iliyokuwa angani kabla ya viwanda, na maji yakipata joto hutema gesi kama soda iliyoachwa juani. Kwa nini ya leo nayo isiwe bahari hiyohiyo?

Mchangiaji wa kwanza: Nusu ya hoja naikubali, mkuu, tena kuna ushahidi mzuri kuliko huo wa soda. Miaka 20,000 iliyopita barafu ilifunika sehemu kubwa ya kaskazini na misitu ikasinyaa, kwa hiyo nchi kavu ilikuwa na kaboni kidogo kuliko sasa. Angani nako ilipungua. Kama huku haipo na kule haipo, ilikuwa imejificha kilindini. Joto liliporudi, maji ya kilindi yakaibuka karibu na Antaktika na kuiachia. Lakini tazama mwendo: kutoka kama 190 hadi 265 ilichukua miaka elfu kadhaa. Sisi tulikuwa kwenye 315 mwaka 1958, mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kupima hewa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, na sasa tumepita 420.

Soda yako inapokosea ni hapa: soda inayotema gesi hubakiwa na gesi pungufu. Bahari ya leo gesi yake inaongezeka, na tindikali inapanda. Inameza kama robo ya tunachotoa. Anayemeza hawezi kuwa ndiye anayetapika.

Mleta mada: Haya, bahari tuiache. Majani yanayooza na udongo unaopumua si hutoa hewa ukaa nyingi kuliko moshi wetu?

Mchangiaji wa kwanza: Nyingi sana, ila huichukua tena. Pale Mauna Loa mstari hushuka na kupanda kama sehemu 6 kila mwaka, misitu ya kaskazini inapochipua na kupukutika. Makaa ya mawe yalilala ardhini mamilioni ya miaka, hayana mzunguko huo. Yana alama pia: kaboni 14 yake, aina ya kaboni inayopungua yenyewe kadiri miaka inavyopita, ilishakwisha, na mwanasayansi Hans Suess aliona upungufu huo kwenye pete za miti miaka ya 1950.

Mchangiaji wa pili: Mmeruka sehemu tamu. Kabla ya viwanda, kwa takriban miaka 7,000, hewa ukaa ilipanda kutoka 260 hadi 280. Mwanasayansi William Ruddiman alidai mwaka 2003 kwamba ni wakulima wa kale waliofyeka misitu. Mimi niko upande wake. Na baada ya 1492 wenyeji wa Amerika walipokufa kwa mamilioni, mashamba yakawa msitu. Barafu ya Law Dome, huko huko Antaktika, inaonyesha hewa ukaa ikishuka sehemu 7 hadi 10 kuelekea 1610.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo sikufuati mzimamzima. Mimea hubagua kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo, yaani huichukua kwa uchache, kwa hiyo moshi wa misitu yote hiyo ungeipunguza sana angani. Barafu inaonyesha ilipungua kidogo tu. Kwangu mimi, sehemu kubwa ya hizo 20 ni bahari iliyokuwa bado inajisawazisha baada ya zama za barafu, matumbawe yakijenga chokaa na kuachia gesi. Ya 1610 nakupa nusu: misitu ilirudi, ila na dunia ilikuwa imepoa.

Mchangiaji wa pili: Kaboni 13 inakupa jumla tu. Wakati wakulima wanafyeka, vinamasi vya kaskazini vilikuwa vinazika mboji. Moja inatoa, nyingine inaficha, nawe unasoma tofauti yake ukidhani hakuna aliyefyeka. Na wakulima wa mwanzo walikuwa wachache lakini walihamahama. Kila mmoja alitumia ardhi kubwa kuliko mkulima wa baadaye.

Mleta mada: Nimeelewa kwamba moshi wa leo ni wetu, nimekubali. Ila hiyo mboji inaniweka njia panda. Mchangiaji wa kwanza, kwenye hesabu yako umeiingiza au umeiacha nje?