Mjadala: Tuendelee kusimulia mateso yetu kwa wageni, au tuache?

Mkalimani, Kakuma 3

Ndugu zangu, hodi. Nina jambo limenikwama kooni tangu wiki iliyopita, nalileta hapa tulijadili bila matusi.

Nimeishi Kakuma, kambi ya wakimbizi huku Turkana, Kenya, miaka kumi na tatu. Nilitokea Uvira, Kongo. Miaka sita sasa nafanya kazi ya ukalimani: Kiswahili, Kibembe, Kifaransa. Ni kazi ya insentivu, yaani mimi na Mkenya tunayekaa meza moja tunafanya kazi ile ile, yeye anapokea mshahara, mimi napokea "motisha", na kiasi chake nikikitaja mtacheka. Hilo nalo tungelijadili, ila si la leo.

La leo ni hili. Walikuja wageni, magari matatu meupe. Shirika lililowaleta (jina nalihifadhi, bado nakula hapo) likaniambia nitafute watu watano "wenye simulizi". Mmoja ni mama jirani yangu. Huyu mama ameshasimulia yaliyompata njiani kwa polisi wa mpakani, kwa watu wa usajili, kwenye usaili wa kupewa hadhi ya ukimbizi, kwa mshauri nasaha, na kwa kamera mara mbili. Mimi nimemtafsiria mara nne, kwa hiyo najua mahali anaponyamaza, na najua anakaa kimya kwa muda gani. Mara hii alipopita pale anaponyamaza, mgeni akanigusa bega: sauti haikuingia vizuri, mwambie arudie. Nikamwambia. Akarudia. Akapewa soda na fulana.

Jioni akaniuliza, "Mwanangu, haya maneno yangu huwa yanakwenda wapi?"

Najua wapo watakaosema simulizi ndiyo silaha yetu pekee. Vijana wa Sudan walipoingia hapa kwa miguu mwaka 1992, dunia iliwajua kwa hadithi yao. Mwaka 2016, kati ya wanariadha kumi wa timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki kule Rio, watano walitoka hapa. Juni 2018 tukawekewa jukwaa la TEDx, lile la hotuba fupi, hapa hapa kambini; mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba viti. Sawa. Na baada ya yote hayo, shangazi yangu alipofariki Nairobi niliomba kibali cha kusafiri, na kilipotoka alikuwa ameshazikwa siku tisa.

Basi tuseme. Tuendelee kusimulia, au tufunge mdomo tudai karatasi?

Mwana wa Lodwar

Pole kwa huyo mama, na pole kwa shangazi. Lakini mimi ni Mturkana, nami niseme langu.

Nyinyi angalau mna wageni wa kuwasimulia. Nyanya yangu amewauzia makaa watu wa kambi karibu miaka thelathini. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mbuzi wake. Yale magari meupe yalipita mbele ya nyumba yake kila siku yakimtimulia vumbi. Hakuna aliyesimama kumuuliza "simulizi" yake.

Halafu Machi 2025 tukasikia Mpango wa Shirika umezinduliwa: kambi zigeuke miji, mkimbizi akae kama jirani mwingine yeyote, shule na hospitali tutumie pamoja. Kwa karatasi ni maneno matamu. Ardhi ni ya jamii. Ni mzee gani wa adakar, jumuiya yetu ya wafugaji, aliyeulizwa? Nyinyi mkisimama majukwaani kudai haki, dai lenu huangukia kisima changu, na huyo anayewapigia makofi yuko Geneva.

Raia Halisi, Nairobi

Wahenga walisema mgeni siku mbili. Nyinyi mna zaidi ya miaka thelathini mnakula bure, na sasa mnadai! Haki ya mgeni ni kushukuru.

Mkalimani, Kakuma 3

Raia, methali imalizie. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Jembe lenyewe ndilo ninalolililia.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema mkimbizi anaweza kufanya kazi. Kibali cha daraja M kipo, na hakitozwi pesa. Sasa mimi ni mwalimu mwenye diploma kutoka Bukavu. Faili la kibali huamuliwa Nairobi, kwenda kulifuatilia kunataka ruhusa ya kutoka kambini, na ruhusa nayo inataka uonyeshe sababu ya safari, na sababu ni kibali ambacho sina. Jembe liko ghalani, ufunguo wa ghala umefungiwa ndani ya ghala.

Na kuhusu kula bure: tangu Agosti 2025 chakula kinatolewa kwa makundi, na lipo kundi lisilopata hata punje. Njoo unionyeshe nani ananenepa.

Mwana wa Lodwar, wewe nitakujibu nikishatulia. Swali lako lina uzito kuliko la huyu.

Mpenda Lugha, Mombasa

Naingilia kidogo tu. Kila mwandishi wa ng'ambo anayefika huko huandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili, maana yake "pasipo mahali". Nimezaliwa Kibokoni, nimekisema Kiswahili miaka hamsini na tatu, sijawahi kulisikia neno hilo likiwa na maana hiyo. Mmoja alilibuni, waliobaki wakanakiliana. Kama hata jina la mahali wanalipotosha na sisi wenye lugha tupo hai, sijui hayo ya huyo mama yanafika yakiwa na sura gani.

Mwana wa Lodwar

😂 Na sisi tuliokuwa tunachunga hapo tulikuwa wapi? "Pasipo mahali"!

Karani wa Sheria, Eastleigh

Wakubwa, naona tunaita vitu tofauti kwa jina moja.

Desemba 2012 serikali ilitoa amri: wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi kambini, Wasomali Dadaab, ile kambi nyingine kubwa, wengine Kakuma. Hapa Eastleigh, Nairobi, watu walikamatwa hata kabla amri haijaanza kazi. Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wakaenda Mahakama Kuu, na wakimbizi wenyewe wakaenda. Waliandika hati za kiapo. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba mafaili ofisi fulani, nikazisoma baadhi. Hati ya kiapo haina muziki wa nyuma wala picha ya jua linazama. Ina aya zenye namba: nimeishi hapa tangu mwaka fulani, biashara yangu ni hii, watoto wanasoma pale, nikihamishwa nitapoteza haya. Basi. Hakuna aliyeulizwa alilia mara ngapi. Julai 2013 Jaji Majanja akaifuta ile amri.

Huko nako ni kusimulia. Tofauti ni kwamba msikilizaji analazimika kujibu. Jaji hawezi kusema "asante kwa ujasiri wako" kisha akapanda ndege.

Likaja tena. Desemba 2014 Bunge likapitisha sheria ya usalama yenye kifungu kwamba wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Hebu fikirieni, Dadaab peke yake ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mahakama ikakiondoa Februari 2015. Mwaka 2016 ikatangazwa Dadaab itafungwa, na Februari 2017 Jaji Mativo akasema uamuzi huo ni kinyume cha katiba.

Sitaki niwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kati ya ushindi wa 2013 na huo wa 2015 kuna Machi 2014, amri ya kurudi kambini ilipotolewa upya, na Aprili yake, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch. Watu walijazwa uwanja wa Kasarani kwa siku nyingi, wengine wenye vitambulisho halali, hata Wakenya. Kesi ya kuipinga amri hiyo ya pili ilishindwa. Kwa hiyo mahakama si peponi. Ila mimi nikipewa saa moja ya yule mama, ningemkalisha na wakili kabla ya mpiga picha.

Binti wa Kasulu

Shikamooni wakubwa. Huku kwetu Kigoma tunaisoma thread hii kwa wivu kidogo, maana nyinyi mna kesi za kutaja.

Warundi waliokuja Tanzania mwaka 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Babu yangu mzaa mama ni mmoja wao. Yeye hakuwahi kusimama mbele ya kamera maisha yake yote. Walipewa mashamba, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa ushuru, wakawalisha hata wenyeji. Huyo ndiye mgeni aliyepewa jembe siku ya tatu, Raia Halisi.

Lakini watu wa Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996, mambo yao ni mengine kabisa. Hawaruhusiwi kutoka bila kibali. Mwaka 2018 nchi ilijitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi. Baadaye masoko ya pamoja yakafungwa, na sisi wa vijijini tuliokuwa tunauza dagaa na mihogo humo tukaumia pamoja nao. Hilo hakuna anayelisimulia, kwamba kufungwa kwa soko la wakimbizi kulifunga genge la mama yangu.

Karani wa Sheria, Eastleigh

Binti, marahaba. Lakini babu hakupewa uraia kwa sababu alinyamaza. Serikali ya wakati ule iliamua, na serikali ikiamua inaweza pia kuahirisha. Hao walikubaliwa maombi yao, wakakaa miaka bila vyeti mkononi, si Watanzania kamili wala si Warundi. Ndiyo maana naogopa haki inayotegemea hisani.

Binti wa Kasulu

Ni kweli, babu cheti alikipata akiwa haoni vizuri. Tulimsomea.

Mama wa Goma, Kalobeyei

Mkalimani mwanangu, mie sikubali.

Unaandika juu ya huyo mama kama vile hana akili zake. Umemuuliza kama anataka kuacha? Mie nilinyamaza miaka minane. Nilikuwa naona haya mbele ya watoto, mbele ya kanisa. Siku niliposema, kwa kikao cha wanawake peke yetu, hapana kamera, bamama kumi na mmoja wakanifuata nyumbani juma lile lile, mmoja mmoja, usiku. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Kutoka hapo tulianza kikundi, tunashona, tunasindikizana hospitali na polisi. Hicho kikundi kilizaliwa na simulizi. Usinifungie mdomo eti unanihurumia.

Lakini nina masharti yangu, na kila mgeni anayasikia kabla ya kukaa. Siku nachagua mie. Mkalimani awe mwanamke. Uso wangu hapana. Kijana wangu aliwahi kuniona kwa simu ya mwenzake shuleni, akapigana. Nakuambia sehemu ninayotaka, usiniulize ile nyingine. Kabla haijatoka nisomewe. Na muda wangu wa kazi uulipe, kama unavyomlipa dereva wa lile gari.

Wawili walikataa wakaondoka. Waende.

Na wewe ndugu, nikuulize kitu: mgeni aliposema arudie, Kiswahili kilikuwa kwa nani? Ungemwambia mgeni "amesema basi". Angejuaje?

Mkalimani, Kakuma 3

Mama, nimesoma neno la mwisho nikatoka nje kwanza.

Ni kweli. Niliogopa kazi. Nilijiambia mimi ni mdomo tu, na mdomo hauna dhambi. Ningeweza kusema amechoka na hakuna ambaye angejua. Leo asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Nikamuuliza pia kama anataka kuacha kusimulia, kama ulivyoniambia. Akasema hataki kuacha, anataka kubadilisha hadithi. Amechoka kueleza jinsi alivyokimbia. Anataka kueleza kwa nini mtoto wake mwenye alama nzuri za kidato cha nne hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Akasema hiyo hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza.

Raia Halisi, Nairobi

Hili la laini sikulijua. Bila laini hata pesa utapokea vipi? Bado nasema nchi haina kazi za kuwatosha wenyewe, lakini hilo la laini ni upuuzi.

Karani wa Sheria, Eastleigh

Hilo Raia ulilosema sasa hivi lina thamani kuliko fulana mia.

Na mjue pia, sheria ya 2021 ina mlango mwingine: anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kwa hiari kuacha hadhi ya ukimbizi akafurahia haki za mkataba wa Jumuiya. Sudan Kusini imo tangu 2016, Kongo tangu 2022, Somalia nayo imeingia. Yaani wakimbizi wengi wa Kenya leo ni raia wa Jumuiya. Ila msikimbilie: ukishaiacha ile hadhi, umeacha pia kinga ya kutorudishwa kwenu. Kwa mwenye duka huenda ni nafuu. Kwa mama anayewindwa, hapana.

Mwana wa Lodwar

Mkalimani, ulisema utanijibu. Nasubiri. Maji tutakunywa wapi mji ukishakuwa mji?

Mkalimani, Kakuma 3

Sina jibu la maji, kaka. Ningekuwa nalo ningekuwa gavana. Ninachojua ni kwamba tunapoomba maji, sisi tunaandika barua yetu na nyinyi mnaandika yenu, na zote mbili zinamfikia mtu mmoja, anachagua ile inayomgharimu kidogo. Nyanya yako na jirani yangu wamefahamiana kwa makaa miaka mingi, bila shirika kuwatambulisha.

Mwana wa Lodwar

Basi fanya hivi. Wazee wetu wanakaa Lodwar mwisho wa mwezi kuzungumzia hii habari ya mji. Njoo useme mbele yao, kwa Kiswahili, bila gari jeupe. Watakuuliza maswali makali, wengine watakutukana. Ukitoka hapo mzima mimi nitakuwa nyuma yako.

Mkalimani, Kakuma 3

Nakuja. Ni kama kilomita 120, ruhusa ya kutoka nitaomba Jumatatu. Ukiona siku imefika sipo, usidhani nimeogopa wazee.

Yule mama anasema naye anakuja. Hasimulii chochote, anataka kuuliza bei ya mbuzi.