Martha Hughes Cannon: je, ni kweli alimshinda mumewe?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa somo kuhusu Martha Hughes Cannon wa Utah, mwanamke wa kwanza kuwa seneta wa jimbo nchini Marekani, na karibu kila ninaposoma habari zake jambo la kwanza kutajwa ni kwamba mwaka 1896 alimshinda mumewe katika uchaguzi. Je, ndivyo ilivyokuwa? Na binti aliyeanza kufundisha shule akiwa na miaka 14 alifikaje Seneti?

Jibu la kwanza

Ndugu, habari hiyo ina ukweli, lakini inapotosha. Hapakuwa na pambano la watu wawili, kwa kuwa viti vitano viligombewa kwa pamoja. Martha alikuwa miongoni mwa wagombea wa Democratic, na mumewe, Angus Cannon, miongoni mwa wale wa Republican; Martha akapata kiti, mumewe akakosa. Upande huohuo wa Republican alikuwapo Emmeline Wells, mhariri wa *Woman's Exponent*, gazeti ambalo Martha aliwahi kulifanyia kazi ya kupanga herufi za chapa, naye pia alikosa kiti. Kwa maoni yangu, hilo lina uzito kuliko habari ya mume: wanawake wa Utah walipewa kura mwaka 1870, Bunge la Marekani likawanyang'anya mwaka 1887, na mara tu walipoirejeshewa kwa katiba ya jimbo iliyoanza kutumika mwaka 1896 walijitokeza kugombea kupitia vyama vyote viwili.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu safari yake. Alizaliwa Wales mwaka 1857, akafika Utah akiwa mtoto mdogo, na baba yake akafariki siku chache tu baada ya familia kuwasili Salt Lake City. Hakudumu katika ualimu. Ni kazi ya chapa iliyomsaidia kujisomesha hadi akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1880. Mwaka 1884 aliolewa na Angus akiwa mke wa nne, wakati serikali ikiwashtaki wanaume wenye wake wengi, na mwaka 1886 alikimbilia Ulaya na mtoto mchanga ili asiitwe kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, wala dhidi ya familia ambazo wanawake wao aliwazalisha.

Alipoingia Seneti alijua anachokitaka: elimu ya lazima kwa watoto viziwi na wasioona, Bodi ya Afya ya jimbo, na sheria ya kulinda afya ya wanawake na wasichana walioajiriwa. Hapo utamwona mwalimu na daktari kwa pamoja.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nitaanza somo na watoto wale viziwi na wasioona, kisha Bodi ya Afya. Uchaguzi nitaufikia baadaye, na jina la Emmeline Wells sitaliacha.