Mpiga besi anayeanza: sebene linanishinda mwendo, nifanyeje?

Kijana wa Kwaya

Wakuu, salaam. Nina besi ya nyuzi nne na napigia kwaya kanisani. Nyimbo za taratibu hazinisumbui. Kazi ipo kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea kwenye muziki wa Kikongo: mpiga drams akishapandisha mwendo, mkono wa kulia unakaza kuanzia kwenye kiwiko, vidole vinagongana, na sauti inageuka ngurumo tu. Nyimbo nyingi tunapiga kwenye G, mzunguko ni do, fa, so, fa. Nimepima kwa metronomu (kipima mwendo) ya kwenye simu, sebene letu liko kama mapigo 130 kwa dakika, na mimi naanza kuchoka kwenye 100. Naomba mnitajie mazoezi yenyewe, maana "piga sana utazoea" nimeshaambiwa. Na je, nitumie piki (kile kijiplastiki cha kupigia nyuzi) au vidole?

Nyuzi Nne

Karibu, mdogo wangu. Kiwiko kukaza, vidole kugongana na kuchoka mapema vyote vinatoka mahali pamoja: unavuta uzi kwa nguvu kupita kiasi. Mpiga drams akiongeza kishindo, nawe unataka usikike, basi unaongeza nguvu ya kidole. Kazi hiyo mwachie ampu. Pandisha volyumu kidogo, kisha piga kwa wepesi hadi sauti irudi palepale ilipokuwa. Uzi ukivutwa sana unagonga freti (vile vyuma vya kwenye shingo), noti inalia "tak" na kufa mapema, tena mwanzo wake unapanda juu kidogo ya sauti sahihi. Unachoka, na sauti yenyewe ni mbovu.

Sasa kidole. Usikikunje kama ndoano ukauvuta uzi kwenda nje. Kipitishe kwenye uzi kikatue juu ya uzi mnene ulio jirani (nyuzi, kuanzia mnene hadi mwembamba, ni E, A, D na G): ukipiga D kitue kwenye A, ukipiga A kitue kwenye E, ukipiga E kitue kwenye gumba. Safari yote ya kidole isizidi sentimita moja. Gumba nalo lisigande juu ya pikapu (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) muda wote. Ukiwa kwenye E na A, sawa, likae kwenye pikapu. Ukihamia D, literemke likalale juu ya E. Ukifika G, liegemee E na A kwa pamoja. Ngurumo unayoisema mara nyingi haitoki kwenye noti unazopiga. Ni nyuzi ulizoacha wazi zinaitikia zenyewe, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo zinavyorundikana.

Zoezi la kwanza ni uzi wa A ukiwa wazi, mkono wa kushoto ukizima tu nyuzi nyingine. Metronomu 60. Dakika moja noti moja kwa kila pigo, dakika ya pili noti mbili, kisha tatu, kisha nne. Shahada, kati, shahada, kati, usirudie kidole. Ukimaliza, anza upya ukitangulia na kidole cha kati. Kwenye noti tatu ndipo utajijua vizuri, kwa sababu pigo linaangukia shahada, halafu kati, halafu shahada tena, na kidole dhaifu hakina pa kujificha. Jirekodi kwa simu, lakini sikiliza kwa earphone. E iliyo wazi ni kama hezi 41, na spika ya simu haiwezi kuitoa, kwa hiyo utasikia mikwaruzo tu na kudhani unapiga vibaya kuliko ulivyopiga.

Ukiona noti zote zinalingana kwa dakika nzima, ongeza 4 kwenye metronomu. Ukivuruga mara mbili mfululizo, rudi nyuma 8. Bega likipanda kuelekea sikioni, simama hata kama noti ziko sahihi, maana utakuwa unauzoeza mwili huo mkazo.

Ila kupanda ngazi peke yake hakutakufikisha 130. Mkono unapokwenda taratibu una nafasi ya kufanya mizunguko mirefu, na mizunguko hiyo haiwezekani kwenye mwendo wa kasi. Kwa hiyo kila siku weka pia vipande vifupi kwenye mwendo halisi: metronomu 130, pigo la nne upige noti nne za haraka, utue kwenye pigo la kwanza, kisha unyamaze pigo la pili na la tatu. Wakati wa kunyamaza, legeza mkono wote. Noti nne zikikushinda, anza na mbili. Dakika tano zinatosha, zaidi ya hapo unaanza kukaza.

Jambo dogo lenye faida kubwa: ukishuka kutoka D kwenda A, kidole kilichopiga D tayari kimetua juu ya A. Kiache kipige A hapohapo. Ubaya wake ni kwamba noti ya pili huwahi, kwa hiyo lizoeze taratibu sana, ukihesabu kwa mdomo.

Dada wa Besi

Nyuzi Nne kamaliza mkono wa kulia. Mimi niongezee wa kushoto, kwa sababu sebene linaharibikia hapo zaidi.

Kwanza pima unavyokandamiza. Gusa uzi wa A kwenye freti ya 5 bila kuubana, endelea kupiga kwa mkono wa kulia, na ongeza nguvu kidogokidogo. Sauti itaanza ikiwa imezimwa, itakwaruza, halafu itakuwa safi. Ishie hapo hapo ilipokuwa safi. Wengi wanabana zaidi ya hapo na hawajui. Kidole kikae karibu kabisa na chuma cha freti, nyuma yake. Kikikaa katikati ya nafasi, utahitaji nguvu zaidi kupata sauti ileile. Ukitaka kujua kama gumba linabana shingo, liondoe kabisa na upige mstari mmoja. Ukishindwa hata noti tatu, ndilo linalokuchosha.

Pili, usijilazimishe kidole kimoja kwa kila freti huku chini. Kwenye besi ya kawaida ya inchi 34, kutoka chuma cha freti ya 1 hadi cha 4 ni kama sentimita 13. Kutoka ya 5 hadi ya 8 ni kama 10. Kwa mkono wa wastani, hiyo 13 inavuta kifundo cha mkono, na kifundo kilichopinda ndicho kinacholeta maumivu. Kuanzia freti ya 1 hadi ya 4 tumia shahada, kati na kidole cha mwisho, kidole cha pete kikimsaidia huyo wa mwisho. Wapigaji wa besi kubwa ya kusimama wameutumia utaratibu huu muda mrefu, na Franz Simandl aliuweka kwenye kitabu chake cha mafunzo. Kuanzia freti ya 5 kwenda juu, vidole vinne freti nne.

Sasa mzunguko wako wa G. Do: G iko uzi wa E freti ya 3, mi yake ni B, uzi wa A freti ya 2, so yake ni D, uzi wa A freti ya 5, na G ya juu ni uzi wa D freti ya 5. Kati, shahada, mwisho, mwisho. Usijinyooshe kufika freti ya 5: gumba likae mahali pake, mkono ndio ugeuke. Kile kidole cha mwisho usikinyanyue kwenda uzi wa D, kilaze tu kizigusie nyuzi zote mbili, kisha hamisha uzito. Ukikinyanyua utaacha shimo, na kwenye 130 shimo hilo linasikika. Kwa fa, umbo hilohilo lihamishie uzi wa jirani: C kwenye A freti ya 3, E kwenye D freti ya 2, G kwenye D freti ya 5. Kwa so, sogeza umbo la C freti mbili mbele. Umbo moja linakupa mzunguko wote.

Na msikilize mpiga besi yeyote mzuri wa Kikongo kwenye sebene. Noti si nyingi kama zinavyodhaniwa. Ni fupi, zimekatwa, na pengo lililo katikati ndilo linalochezesha watu. Noti inakatwa na mkono wa kushoto: legeza kidole kiache kubana lakini kibaki kinagusa uzi. Piga mzunguko wako kwa 80 ukikata kila noti nusu yake, nawe utashangaa unavyosikika una kasi.

Fundi Shingo

Kabla hujaulaumu mkono, kagua gitaa lenyewe. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na freti ya mwisho kwa wakati mmoja, angalia pengo kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Karatasi tatu za kawaida za fotokopi zipite bila kusukuma uzi, hiyo ni kama milimita 0.3. Kisha pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 2.5 kwa E na 2 kwa G ni pazuri pa kuanzia. Besi nyingi zinazopigwa makanisani nyuzi ziko juu mno, na huko hakuna zoezi litakalosaidia.

Ile fimbo ya chuma ndani ya shingo, inayorekebisha hilo pengo la freti ya 7, igeuze robo ya mzunguko tu, tuni upya, upime tena. Ikigoma, usilazimishe, peleka kwa fundi. Nyuzi za unene wa 45 hadi 105 (kwa elfu za inchi) zikikuchosha, jaribu 40 hadi 100, ila shingo itabidi ikaguliwe tena kwa sababu mvuto umepungua. Na ukiwa Pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Jasho na hewa ya chumvi vinazipa kutu haraka, na uzi wenye kutu unakwamisha kidole.

Kijana wa Kwaya

Asanteni sana. Nimepima, E iko milimita 4 kwenye freti ya 12. Nitaishusha. Bado la piki. Na vidole vya kulia vinaota malengelenge, niendelee tu?

Nyuzi Nne

4 ni juu sana, hapo ulikuwa unapigana na chuma. Shusha kidogokidogo kwenye daraja (kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa), uzi mmoja baada ya mwingine.

Piki si kosa, lakini kwa sebene na kwaya anza na vidole, maana ndivyo vinavyokufundisha kuzima nyuzi. Idadi ya vidole nayo isikutishe: James Jamerson alipiga besi za rekodi za lebo ya Motown kule Detroit kwa kidole cha shahada peke yake. Viwili vinakupa pumzi tu.

Malengelenge: pumzisha mkono wa kulia hadi ngozi ikauke, usiyapasue, na wakati huo fanya mazoezi ya kushoto pekee. Ukipiga kwa wepesi hayatarudi kirahisi. Lakini ukisikia ganzi vidoleni au maumivu ndani ya kifundo, usipige juu ya maumivu hayo. Acha siku hiyo, na yakirudi muone daktari.

Mkanda pia: ufupishe hadi besi ikae urefu uleule ukiwa umeketi na ukiwa umesimama, shingo ikiinuka kidogo. Vinginevyo unayofanyia mazoezi nyumbani kitini yatakukataa madhabahuni.