Ferrari ushindi mara nne mfululizo, kisha kimya: BoP (mizani ya kusawazisha magari) ni haki au ni kubebana?

Mzee wa Pistoni
Wadau, msimu wa 2025 wa WEC, ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za magari, umekwisha, naomba tuuchambue bila matusi. Ferrari walichukua Qatar, tena nafasi zote tatu za juu. Wakachukua Imola, wakachukua Spa, wakamalizia na Le Mans, zile mbio za saa 24 kule Ufaransa. Kuanzia hapo mambo yakageuka: São Paulo Cadillac, Austin Porsche, Fuji Alpine, Bahrain Toyota. Mbio nne, washindi wanne tofauti, na Ferrari hawakuonja tena. Taji wamebeba, la watengenezaji na la madereva, sawa. Ila gari linasahauje kukimbia kati ya Juni na Julai? Au ndiyo hiyo BoP, wasimamizi wa mbio FIA na ACO wanakaa wanaamua huyu aongezwe kilo, yule apunguzwe nguvu ya injini? Mtoto akiongoza darasa unamfunga jiwe mguuni ili wenzake wamfikie?

Kisiki
Jiwe mguuni na mataji yote mawili kabeba? Hilo jiwe lilikuwa la sponji.

Dada Turbo
Mzee wa Pistoni, stori umeianzia katikati. Rudi 2023, Le Mans ya kutimiza miaka 100. Toyota walikuwa wameshinda mbio zote tatu za mwanzo wa msimu. Ilipobaki wiki moja na ushee wakaongezewa kilo 37. Ferrari 24, Porsche 3. Nani kashinda? Ferrari, ndiyo kwanza wamerudi daraja la juu. Siku ile sikuona uzi hapa wa dhuluma. Leo upepo umegeuka ndipo mnakumbuka haki za binadamu.

Mzee wa Pistoni
Nani kakwambia mimi shabiki wa Ferrari? Natembelea Probox. Jibu swali.

Kisiki
Hahaha Probox. Ila dada, acha watu wafurahi, Ferrari hawakuwa wameshinda Le Mans tangu 1973.

Dada Turbo
1965, kaka. 1973 ndiyo walifunga mlango wa kiwanda na kwenda kutulia na Formula 1. Na mwaka huo wa 2023 hata na kilo 37 Toyota walimaliza wa pili, baada ya dereva wao Hirakawa kuteleza pale kona ya Arnage wakiwa wanawinda ushindi saa za mwisho. Mbio nyingine sita za msimu wakazizoa zote. Kwa hiyo mzigo haukuwaua. Uliwanyima ile moja tu ambayo kila mtu anaikumbuka.

Mlinzi wa Lusail
Salaam kutoka Doha. Mbio za Qatar nilikuwa kazini, geti la upande wa magari ya mizigo, ushindi wa Ferrari nimeusikia kuliko nilivyouona. Ile Aston Martin Valkyrie ya injini ya V12, isiyo na haibridi (mota ya umeme ya kusaidia injini), ikipita mnyoosho mkuu nilikuwa sisikii redio yangu ya kazi, inabidi nisubiri ipite ndipo nimjibu msimamizi. Ferrari zinapita kimya kimya na zinaongoza. Sasa mimi nauliza, wote wamewekewa nguvu inayokaribiana na bado gari moja linaacha wenzake hivyo, hapo kosa ni la BoP au ni wenzake hawajui kutengeneza gari?

Dada Turbo
Mlinzi umegusa penyewe. BoP inapanga uzito na nguvu ya injini. Haikupangii namna gari linavyotunza matairi, wala fundi mwenye akili pale piti. Na kuna tofauti ya kuzaliwa: Ferrari na Toyota haibridi yao inasukuma magurudumu ya mbele, Porsche na Cadillac inasukuma ya nyuma. Kuyaweka sawa magari ya namna hiyo ni kazi. Le Mans nayo hupangiwa mahesabu yake peke yake, hayafuati ya mbio nyingine. Ndiyo maana kutoka Juni kwenda Julai unaona dunia mbili.

Kisiki
Kwa hiyo unakubali kwamba ni mahesabu. Asante.

Dada Turbo
Nimesema mahesabu, sijasema wizi. Soma.

Mwana wa Jota
Tatizo langu si kilo, tatizo ni midomo kuzibwa. Kanuni zinakataza timu na madereva kuisema BoP hadharani. Dereva anatoka garini jasho linamtoka, anaulizwa mbona mmekuwa wa saba, anajibu "tumefanya tulichoweza". Kama mizani iko sawa unaogopa nini isemwe?

Mzee wa Pistoni
Na Porsche wamefunga virago. Oktoba wametangaza msimu ukiisha WEC hawapo. Kampuni yenye ushindi 19 wa Le Mans! Nyie endeleeni kutetea.

Dada Turbo
Wamebaki kwenye ligi ya IMSA kule Marekani. Ambako nako kuna BoP. Ungeuliza kwanza mfukoni kukoje.

Mwana wa Jota
Na hao hao Porsche namba 6 Le Mans walifutiwa muda wa kufuzu kwa sababu gari lilikutwa jepesi kuliko kiwango, wakaanzia mkiani mwa daraja lao, wakamaliza wa pili kwa sekunde 14. Saa 24, sekunde 14! Bila BoP ungeona hiyo? Ungeona mmoja kawaacha wenzake mizunguko minne, watu wamelala.

Babu wa Safari
Watu wamelala ndiyo neno lenyewe. Vijana mnabishana kilo wakati hata mbio zenyewe si za uvumilivu. Madereva watatu wanapokezana, mmoja kwenye usukani, mwingine anakandwa misuli, wa tatu amejifunika blanketi. Kanuni zinamkataza mtu kuendesha zaidi ya saa nne ndani ya sita. Joginder Singh alichukua Safari Rally yetu ya Kenya 1965 na Volvo iliyokwishatumika, akarudi 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Matope, vumbi, ng'ombe barabarani, km elfu kadhaa, usukani wake mwenyewe. Huo ndio uvumilivu. Hayo yenu ni zamu za kiwandani.

Kisiki
Babu kaingia. Naleta kahawa.

Mwana wa Jota
Shikamoo babu, lakini umekosea. Sheria ya saa nne ipo kwa sababu watu walishajaribu hiyo shujaa yako. Le Mans ya 1952 Pierre Levegh aliendesha gari la Talbot karibu saa 23 peke yake, akakataa kumpa mwenzake usukani. Alikuwa anaongoza! Imebaki kama saa moja na kidogo injini ikafa, Mercedes wakachukua. Uvumilivu wa mtu mmoja ulimpa nini?

Babu wa Safari
Marahaba. Ulimpa jina. Miaka zaidi ya 70 baadaye wewe unamtaja yeye. Hao wawili wa Mercedes walioshinda waite majina hapa bila kutafuta.

Dada Turbo
Mmh. Hapo babu kafunga.

Mwana wa Jota
Lang na Riess.

Babu wa Safari
Umetafuta.

Mwana wa Jota
Sijatafuta! Na kama unataka mtu mmoja, chukua dereva Kubica. 2011 ajali ya rali Italia, chuma cha pembeni ya barabara kikapenya garini, mkono wa kulia nusura ukatwe. 2025 kashinda Le Mans na lile Ferrari la njano namba 83, yeye, Ye Yifei na Hanson, na saa za mwisho kazimaliza mwenyewe usukani. Nenda kamwambie Kubica hiyo ni zamu ya kiwandani.

Kisiki
Namba 83 ambalo hata si la kiwanda rasmi. Yaani Ferrari wamepigwa na Ferrari.

Mzee wa Pistoni
Jamani mada ni BoP.

Mama Lancer
Babu asante kwa kumtaja Joginder, ila tusidanganyane kuhusu Safari nayo. Ya leo Naivasha hatua za mashindano hazifiki km 400. Ile ya zamani ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika imekufa, tumebaki na picha. Na hata enzi zile wenye hela ndio walikuja na helikopta juu inawaangalizia njia. 1993 Toyota walichukua nafasi nne za kwanza. Hakuna aliyewaongezea kilo na sisi wenyeji tukabaki kupiga makofi pembeni.

Babu wa Safari
1994 Ian Duncan, mwenyeji, kashinda.

Mama Lancer
Na Toyota. Ileile.

Babu wa Safari
Mwenyeji ni mwenyeji. Mama, wewe uliwahi kusimama pembeni ya barabara Pasaka usiku unasubiri taa?

Mama Lancer
Nimesimama Taita nikiwa na ujauzito, usinifundishe Safari.

Kisiki
🔥🔥 Kahawa imekwisha, nachemsha nyingine.

Mlinzi wa Lusail
Mama Lancer, ila hoja yako inamrudisha Mzee wa Pistoni. Kama 1993 kungekuwa na BoP, mwenyeji angepata nafasi?

Mama Lancer
Mwenyeji angepewa kilo pia, mwanangu. Wanaoshika mizani si wa kwetu.

Mzee wa Pistoni
Hatimaye mtu karudi kwenye mada. Kwa hiyo mama, uko upande wangu?

Mama Lancer
Hapana. Mimi nataka kujua nani hapa alisema Volvo ya Joginder ilikuwa imetumika, maana mume wangu anabisha.

Babu wa Safari
Mimi nimesema. PV544, na ilishatumika kabla hajaipata. Mwite huyo mumeo aje hapa.