Gemu kuhukumiwa kwa mauzo ya wiki ya kwanza ni haki? Mi napinga, karibuni tujadili

Wakuu habari za muda huu. Kuna hoja nakutana nayo kila siku, kwamba gemu ikishindwa kuuza wiki mbili za mwanzo basi imekufa, wafanyakazi wapunguzwe na maisha yaendelee. Kiukweli naona hii hoja inaua kazi nzuri za watu.

Chukueni Stardew Valley. Imetoka Februari 2016, katengeneza jamaa mmoja tu Eric Barone, picha yeye, muziki yeye, programu yeye. Januari 2020 ilikuwa imeuza kopi milioni 10, Desemba 2024 zimefika milioni 41! Yaani hiyo miaka ya mwisho ambayo mabosi wengi wangekuwa washaisahau ndo imeleta mara tatu ya ile ya mwanzo, na apdeti zote bure. Ilipotoka apdeti ya 1.6 Machi 2024, watu zaidi ya laki mbili walikuwa wanaicheza kwa wakati mmoja kwenye Steam peke yake, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni.

Inavyokuwa ni hivi, mtu anaiona gemu leo mfuko umekauka, anaiweka kwenye wishilisti (orodha ya gemu anazozitamani), siku bei ikishuka asilimia 20 au zaidi Steam inamtumia imeili, ananunua, akinogewa anamvuta mshkaji waje wacheze wote, mshkaji naye anamvuta mwingine. Hiyo hela utaionaje kwenye ripoti ya wiki ya kwanza? Among Us nayo ilitoka 2018 ikalala kimya, imekuja kulipuka 2020.

mtu_wa_pwani: Mkuu unatutajia walioshinda tu, waliosubiri mpaka wakafunga ofisi mbona huwasemi? Huyo Barone mwenyewe alitengeneza miaka zaidi ya minne, mpenzi wake ndo anabeba gharama, yeye ana kibarua cha kuonyesha watu viti ukumbini. Sasa studio ina watu mia mbili, mishahara ya mwezi huu utailipa kwa hela ya miaka mitano ijayo? Halafu za onlaini ndo kabisa. Concord, gemu ya kupigana risasi kwa timu, imetoka 23 Agosti 2024, imezimwa 6 Septemba. Gemu ya timu ikikosa watu hata aliyenunua hana wa kucheza naye, hapo unasubiri nini?

Mleta mada: Hapo kwenye mishahara umegusa penyewe, ila Concord iliuzwa dola 40 wakati gemu za aina yake kama Valorant na Overwatch 2 zilikuwa za bure, kwahiyo tatizo lilianza mezani kwa mabosi kabla hata haijatoka. Na wiki ya kwanza inapima matangazo zaidi kuliko gemu. Cyberpunk 2077 iliuza milioni 13 ndani ya siku kumi za Desemba 2020, mwezi huohuo ikaondolewa kwenye duka la PlayStation kwa ubovu. Watengenezaji wake walikaa nayo, wakairekebisha, Novemba 2024 wakatangaza milioni 30. Sasa wangeiacha pale?

dada_wa_gemu: Wangeikalia kwa hela gani kama wasingekuwa na Witcher 3, gemu yao ya zamani? Ile ya 2015, hadi 2023 ilishapita kopi milioni 50. Gemu ya zamani ndo inalipa mishahara wakati mpya inapikwa, hapo nipo na mleta mada. Ila studio changa ambayo haina ya zamani, miaka hiyo ya kusubiri mtaji anatoa nani? Hapo sijaona mtu kajibu.